B-52 yangu imekuja bila pezi la mkia. Niipe mkia gani? Mimi nasema mkia wa T ungekuwa bora tangu mwanzo

Msasa600
Wakuu salaam. Nimepata seti ya modo ya kuunda ya B-52G, ile ndege kubwa ya mabomu ya Marekani, kipimo cha 1/144, kwa jamaa mmoja, boksi limepondeka lakini bei ilikuwa nzuri, kufungua nakuta kila kitu kipo isipokuwa pezi la wima la mkia. Mabawa madogo ya mkia yapo yote mawili. Muuzaji anasema ndivyo alivyolipokea na yeye. Sasa sitafuti pezi la akiba, nimeamua niunde ile ndege ambayo haikuwahi kuwepo, B-52 yenye mkia mwingine kabisa, ila uwe mkia wa kuaminika, yaani injinia wa Boeing wa miaka ya 50 akiuona aseme huu ungeweza kupita mezani kwetu.

Wazo langu ni mkia wa T, yaani bawa la mkia linakaa juu kabisa ya pezi. Na nasema bila kumung'unya maneno, ungekuwa bora tangu mwanzo. Bawa la mkia linakaa juu mbali na moshi wa injini nane, pezi linaweza kuwa fupi kwa sababu lile bawa la juu linalisaidia, na ndege inapendeza. Nibishieni.

ChuiWaAnga
Mkuu iache hivyo hivyo bila pezi, paka rangi, weka kabatini. Mwaka 1964 kuna B-52D ilikatika pezi angani kwenye upepo mkali na marubani wakaitua salama salimini. Picha zake zipo, kisiki tu kimebaki pale nyuma. Hapo hujabuni kitu, umeunda historia.

BawaDelta
@ChuiWaAnga umechanganya ndege mbili mzee baba. Januari 1964 yalitokea mawili, yamepishana siku tatu tu.

La kwanza tarehe 10, B-52H namba 61-0023, ndege ya jeshi lakini ilikuwa inarushwa na watu wa Boeing, rubani Chuck Fisher, wamefunga vipimo kila mahali kwa sababu walikuwa wanachunguza hasa misukosuko ya hewa inavyoitesa ndege ikiruka karibu na milima. Hewa ikawapiga, pezi likang'oka karibu lote. Hiyo ndiyo iliyotua salama, kule Blytheville jimbo la Arkansas, baada ya masaa kadhaa ya kuruka bila pezi. Walishusha magurudumu ya nyuma ili yasaidie kuituliza. Na ndege yenyewe ikatengenezwa ikarudi kazini mpaka 2008.

La pili tarehe 13, hiyo ndiyo D, ilikuwa na mabomu mawili ya nyuklia ndani, pezi likakatika kwenye dhoruba ya theluji ikaanguka Maryland. Watano walikuwemo, wawili tu ndio walipona.

Sasa angalia vizuri: ya kwanza ilikuwa ya pezi fupi, ya pili ya pezi refu. Yote mawili yalikatika.

ChuiWaAnga
Shukrani BawaDelta. Basi namba ya kuandika mkiani ameshapata, shida pa kuiandika hapapo.

FundiGundi
Kwenye mkia wa T hapana mkuu. Hoja yako ya moshi haina nguvu, injini za B-52 zinaning'inia chini ya mabawa, moshi wake unapita chini, haugusi bawa la mkia. Mkia wa T unaleta mzigo mzima juu ya nguzo moja nyembamba. Waulize kiwanda cha Handley Page na Victor yao, ndege ya mabomu ya Waingereza. Tarehe 14 Julai 1954 ndege ya kwanza kabisa ya Victor, WB771, ilikuwa inapita chini chini pale Cranfield kupima vipimo vya mwendo, bawa la mkia likachomoka juu ya pezi. Boliti tatu zilikuwa zimechoka zikapasuka. Wote wanne wakafa. Za kiwandani zikaja na boliti nne na pezi likakatwa likawa fupi zaidi.

Mimi ningeiacha T kabisa. Mkia wa msalaba kama wa Valiant, ndege nyingine ya mabomu ya Waingereza, bawa linakaa katikati ya pezi, si juu si chini, basi.

Msasa600
@FundiGundi lakini baada ya kurekebishwa Victor iliruka mpaka 1993 ikiwa ndege ya kujazia mafuta hewani. Kwa hiyo boliti ndizo zilikuwa na kosa, mkia wa T umesingiziwa.

Hesabu_Kali
Wote mna haki nusu nusu. Ngoja niweke hesabu kwa sababu naona watu wanachagua mkia kama wanachagua kofia.

Kazi ya mkia inapimwa kwa kuzidisha vitu viwili, ukubwa wa eneo lake na umbali wake kutoka kwenye kitovu cha uzito wa ndege. Ukiusogeza mkia nyuma mara mbili, eneo linatosha nusu. Ukiuleta mbele lazima uukuze. Ndiyo maana ndege yenye mwili mrefu kama B-52 inaweza kuvumilia pezi ambalo kwa ndege fupi lisingetosha. Kisha unalinganisha na bawa kuu: bawa la mkia unalipima na eneo la bawa kuu na upana wake wa mbele kwenda nyuma, pezi unalipima na eneo la bawa kuu na urefu wake ncha kwa ncha. Huu urefu wa ncha kwa ncha ndio unaoiumiza B-52, mita 56 na kidogo.

Mkia wa T: ni kweli bawa la juu linafanya kama kizibo, hewa haivuji juu ya pezi, kwa hiyo pezi linafanya kazi vizuri zaidi na unaweza kulipunguza kidogo. Kidogo! Halafu unalipa kwa uzito, sababu pezi lile lile sasa linabeba bawa, lazima liwe nene na gumu, na likianza kutetemeka linatetemeka na bawa lake. Kwa hiyo @FundiGundi sio boliti tu, na @Msasa600 sio kwamba haiwezekani.

BawaDelta
Ongeza jambo la kuzama. Ndege ya mkia wa T ikiinua pua kupita kiasi, hewa chafu inayotoka kwenye bawa kuu inalifunika bawa la mkia, eleveta (vibao vya kuinua na kushusha pua) zinakuwa hazishiki kitu, pua haishuki tena. BAC One-Eleven ya majaribio ilianguka hivyo Oktoba 1963 Uingereza, saba wakafariki. Ile ilikuwa ya abiria lakini hewa haichagui.

BudaWaUmo
Wasee mambo? Nafuata hii stori kutoka Nairobi. Kwani hakuna ndege ya mabomu ya Marekani iliwahi kuwa na mkia wa T? Nadhani iko moja ilikuwa na injini tatu.

FundiGundi
Ipo, Martin XB-51, iliruka 1949. Injini mbili pembeni chini ya mwili upande wa mbele, ya tatu ndani ya mkia, tundu la kuvutia hewa liko juu ya mgongo mbele ya pezi. Ziliundwa mbili tu na zote zilianguka. Jeshi likachukua Canberra ya Waingereza badala yake, ikaitwa B-57. Kwa hiyo @Msasa600 injinia wako wa miaka ya 50 mkia wa T angeujua vizuri tu, hapo umepata pointi.

Rubani_wa_Foma
Mimi sio wa kabati, mimi narusha, kwa hiyo nasema kwa mikono. Nachonga kwenye foma ile ya kufungia friji, naweka feni za umeme. Mkia wa T kwenye ndege ndogo ni usumbufu, waya wa sevo (kimota cha kugeuza vibao) unapanda juu ya pezi, ukitua vibaya kwenye nyasi pezi linapasuka kwenye shina. Mkia wa V ndio dawa. Vipande viwili badala ya vitatu, kila kimoja kina sevo yake, rimoti inachanganya yenyewe eleveta na usukani. Uzito unapungua na eneo linapungua.

Hesabu_Kali
@Rubani_wa_Foma eneo halipungui. Hapa ndipo wengi wanajidanganya. Chukua mfano, mkia wa kawaida una bawa la sentimita za mraba 100 na pezi la 50. Ukitaka V yenye kazi ile ile, jumla inabaki 150, yaani kila kipande 75, na kila kipande kiinuke kama digrii 35 kutoka usawa. Ukikata vipande vya 50 50 kwa kuwa "V inapunguza", ndege itatikisa mkia kama bata. Unachookoa ni kona moja ya kuungia na msuguano kidogo wa hewa. Na ukikanyaga usukani ile V inataka kuibiringisha ndege upande usioutaka.

Rubani_wa_Foma
Kwenye foma yangu inatosha bana, hewa ya uwanjani kwetu naijua.

Hesabu_Kali
Inatosha kwa sababu betri umeisogeza mbele sana. Kitovu cha uzito kikienda mbele hata mkia mdogo unaonekana hodari, na hapo hapo umbali wa mkia umeuongeza. Hujaikwepa hesabu.

Mwana_Muscat
Asalaam aleykum ndugu zangu. V kwa ndege ya mabomu ipo tena maarufu, F-117. Wameipa herufi F lakini kazi yake yote ilikuwa kudondosha mabomu. Ile V imeinamishwa ili mawimbi ya rada yasirudi yalikotoka. Kwa hiyo swali linategemea hiyo B-52 ya kubuni ni ya mwaka gani. Ukisema 1955, V huna sababu nayo. Ukisema 1985 unayo.

Kirumba_Mza
Naomba niulize wataalam, niko Mwanza. Hapa wazee wanasimulia ndege ya Gaddafi iliyokuja kutupiga 1979 wakati wa vita vya Kagera, wanasema ilikuwa na injini mkiani, zimekaa juu kabisa. Wengine wanasema ilikuwa MiG. Ni ipi?

ChuiWaAnga
MiG hapana dada.

BawaDelta
@Kirumba_Mza wazee wako wana macho. Ilikuwa Tu-22 ya Libya. Ilitumwa kumsaidia Amin, ikalenga Mwanza ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane palipokuwa na bustani ya wanyama, wakafa swala. Na ni kweli injini zake mbili zimepachikwa juu ya mwili, moja kila upande wa shina la pezi. Ukiitazama kwa nyuma pezi linatoka katikati ya mabomba mawili.

Na hapa ndipo inaingia kwenye mada, maana huo ni mkia wa ajabu kuliko yote tuliyotaja na ulikuwa wa kweli. Watu wasiichanganye na Tu-22M, ile ni ndege nyingine kabisa, mabawa yanajikunja na injini zimo ndani ya mwili.

Kirumba_Mza
Asante sana kaka. Saanane ipo hapo tu ng'ambo, siku hizi ni hifadhi ya taifa. Kwa nini injini waziweke huko lakini?

FundiGundi
Mabawa yabaki masafi. Ukiondoa injini kwenye bawa hewa inapita bila kikwazo, ndege inapita mwendo wa sauti kwa urahisi zaidi.

Hesabu_Kali
Na injini moja ikizimika ndege haivutwi sana upande, sababu zote ziko karibu na mstari wa katikati. Pezi linapumzika. Linganisha na B-52 ambayo injini za nje ziko mbali sana huko bawani.

Rubani_wa_Foma
Mimi nasikia ni kwa ajili ya fundi, magurudumu yanakaa vizuri na mawe ya uwanjani hayaingii.

FundiGundi
Fundi gani afurahie kupanda ngazi mpaka juu ya mgongo wa ndege kubadilisha injini @Rubani_wa_Foma? Mawe sawa, nakubali. Fundi hapana.

Mwana_Muscat
Na viti vyake vya kuruka vilikuwa vinatokea chini. Ukiwa karibu na ardhi hakuna kujiokoa. Mwenyezi Mungu awanusuru marubani wote.

BudaWaUmo
Turudi kwa B-52. Swali langu ni moja, kwa nini Boeing yenyewe ilikata pezi kwenye G? D ina pezi refu, G na H fupi. Kama pezi refu lilikuwa la lazima walikataje?

ChuiWaAnga
Kwa ajili ya kuingia kwenye hanga. Refu halikuwa linaingia.

BawaDelta
Hapana, pezi la B-52 linalazwa pembeni kwa bawaba, ndilo lilivyoundwa ili liingie hanga. Hanga sio sababu.

FundiGundi
Ni kuruka chini chini. Baada ya U-2, ndege ya ujasusi ya Marekani, kudunguliwa Mei 1960 walihama kutoka juu kwenda chini, huko hewa ni nzito na ina makofi, pezi refu ni mkono mrefu wa kuvunjikia.

BawaDelta
Lakini G ilianza kazi 1959 @FundiGundi, pezi fupi likiwa tayari lipo. Wameshakata kabla U-2 haijadunguliwa.

FundiGundi
Makombora ya kutoka ardhini yalikuwepo kabla ya U-2. Anayepanga ndege anatazama mbele.

Hesabu_Kali
Uzito. G yote ilipunguzwa uzito, mafuta yakawekwa ndani ya bawa lenyewe badala ya mifuko, eleroni (vibao vya nyuma ya bawa vya kuilaza ndege upande) zikaondolewa ikabaki kugeuzwa kwa vibao vya juu ya bawa tu, mpiga mizinga akatolewa mkiani akahamishwa mbele na wenzake. Pezi ni sehemu ya kifurushi hicho hicho.

BudaWaUmo
Hapo kwa mpiga mizinga mimi ndio naona sababu. Ukitoa mtu na kijumba chake kule mwisho, mkia unakuwa mwepesi, kila kitu nyuma kinabadilika.

Mwana_Muscat
Mimi ninavyoona usukani wa B-52 haukuwa na kazi kubwa tokea mwanzo. Tazameni picha, ule usukani ni ukanda mwembamba tu nyuma ya pezi, kama sehemu ya kumi ya upana wake. Haukuwa na nguvu ya kunyoosha ndege kwenye upepo wa ubavuni, ndiyo maana magurudumu yenyewe yanageuzwa, ndege inatua imekaa mshazari huku magurudumu yameelekea barabara. Sasa kama magurudumu yanafanya kazi hiyo, pezi refu la nini?

Hesabu_Kali
Pezi na usukani ni kazi mbili tofauti ndugu yangu. Pezi linatuliza hata usukani ukiwa umefungwa. Hiyo ya magurudumu inaeleza usukani mwembamba, haielezi urefu.

Msasa600
Wakuu mmeniacha nyuma lakini nafurahi. Kwa faida ya wenye modo, tofauti ya D na G kwa urefu wa kusimama ni mita 2.3 hivi, kwenye 1/144 ni milimita 16, kwenye 1/72 ni 32. Inaonekana kwa macho kabisa.

Nimeanza kuogopa T kidogo. Je mapezi mawili? Nani ana mfano wa ndege ya mabomu ya jeti yenye mapezi mawili?

ChuiWaAnga
XB-70 Valkyrie! Iliruka 1964. Mapezi mawili na mabawa ya pembeni yanakunjika kwenda chini ikikimbia.

BawaDelta
Sawa, na zile ncha zikikunjwa chini mpaka digrii 65 zinafanya kazi ya pezi pia, ndiyo maana mapezi ya juu yakawa mafupi. Lakini hiyo ni delta, yaani bawa la pembetatu, ya mwendo mara tatu ya sauti, huwezi kuihamishia B-52.

Mfano wako ni mwingine, na nashangaa hakuna aliyeutaja. VM-T Atlant. Warusi walichukua 3M ya Myasishchev, ndege ya mabomu ya injini nne, umri mmoja na B-52, pezi moja refu kama hilo lililokosekana kwako. Walipotaka kubeba vipande vya roketi ya Energia na chombo cha anga za juu cha Buran mgongoni, mzigo ulikuwa mnene kuliko ndege yenyewe, hewa nyuma yake imevurugika yote, pezi la katikati lingekuwa limesimama ndani ya vurugu. Wakaling'oa. Sehemu ya nyuma ya mwili ikafanywa upya, bawa la mkia likainuliwa ncha, na kila ncha ikawekwa pezi pana lenye umbo karibu la mstatili, hewa safi inapita pembeni ya mzigo na kuyakuta. Iliruka 1981. Baadaye An-225, ile ndege kubwa ya mizigo, ikaja na wazo hilo hilo la mapezi mawili, 1988.

Kwa hiyo mkia mbadala wa ndege ya mabomu ya jeti ulishaundwa, ukaruka, ukabeba. Ipe B-52 yako mzigo mgongoni na mapezi mawili yanapata sababu ya kuwepo.

Msasa600
Aisee. Hii sikuwa naijua kabisa.

FundiGundi
Mimi nabaki na msalaba wa Valiant, lakini Atlant nakubali inapendeza. Kama unaenda huko sikiliza. Lile tundu la pezi kwenye mwili lizibe kwa plastiki bapa ya milimita moja, supaglu, pati nyembamba mara mbili kuliko nene mara moja, msasa wa maji. Nyuma ya hapo acha mlango wa parashuti, B-52 inafungua parashuti ya breki kutoka juu ya mwili kati ya pezi na mizinga, ukiufuta watu watauliza. Mapezi ya ncha usigundishe kavu, toboa na uingize waya wa shaba, 1/144 bawa la mkia ni jembamba, linakatika ukipiga chafya.

Rubani_wa_Foma
Na weka chubwi puani isije ikakaa na mkia.

FundiGundi
B-52 haikai na mkia kaka, magurudumu yake yako mbele na nyuma ya tumbo pamoja na vidogo vya ncha za mabawa. Chubwi peleka kwenye Tu-22, ile imebeba injini zote nyuma.

Kirumba_Mza
Chubwi tunazo nyingi huku ziwani, anayeunda hiyo Tu-22 aseme nimtumie.

Hesabu_Kali
@Msasa600 kabla hujakata kitu, jumla ya maeneo ya mapezi mawili isiwe chini ya pezi la asili, na ukiweka mzigo mgongoni iwe zaidi, kwa sababu mzigo ulio mbele ya kitovu cha uzito unafanya kazi ya pezi kinyumenyume, unaivuta ndege igeuke.

Mwana_Muscat
Na kama hutaki mzigo, ondoa mkia wote. B-2, ndege ya mabomu ya Marekani, haina, inageuka kwa vibao vya ncha za mabawa vinavyofunguka kama mdomo kuvuta upande mmoja.

BawaDelta
Ile kompyuta ndiyo inairusha. YB-49 ya 1947 ilikuwa bila mkia na bila kompyuta, hata hivyo ikaongezewa vipezi vinne vidogo, maana YB-35 iliyoitangulia ilikuwa inatulizwa na propela zake na jeti hazina propela. Bado iliyumbayumba na moja ilianguka Juni 1948, ndiyo iliyomuua Glen Edwards ambaye kambi ya Edwards ina jina lake.

BudaWaUmo
Vulcan ya Waingereza je? Haina bawa la mkia na ilikubali vizuri.

BawaDelta
Vulcan ina pezi, na delta yake nene inabeba elevoni nyuma, vibao vinavyofanya kazi ya eleveta na eleroni pamoja. Michoro ya mwanzo kabisa ya Avro ilikuwa na mapezi madogo kwenye ncha za mabawa, wakayaacha wakaweka moja katikati. Hiyo nayo ni modo nzuri kwa mwenye Vulcan ya ziada.

FundiGundi
Usimpe mawazo, hajamaliza hii.

Msasa600
Nimeamua mapezi mawili, na T naiweka pembeni bila kuikana, @FundiGundi tutaendelea kubishana kwenye Victor. Mgongoni nitaweka tangi kubwa la mviringo. Nimeshakata mapezi ya karatasi ngumu kujaribu umbo, ya mstatili yanaonekana mageni mno kwenye ndege ya Boeing, nayalaza nyuma kidogo yafuate mlalo wa bawa. Mwenye mchoro wa Atlant uliotazamwa kwa nyuma auweke hapa, nataka kuona bawa la mkia limeinuka digrii ngapi.

Hesabu_Kali
Ukiyalaza nyuma umeongeza na umbali. Pima upya kabla hujahamia kwenye plastiki.

ChuiWaAnga
Na lile swali la G bado halijajibiwa. Mimi hanga silitoi.